Fundi wa kompyuta wa Oli, Arua: Linux ya ofisini ilikuwa inawaka kwa dakika 4, sasa sekunde 20

Kama uko Arua au hapa karibu, Koboko, Nebbi, hata ng'ambo kule Ariwara, na kompyuta yako iko na Linux, mfumo wa kuendesha mashine badala ya Windows, na kila asubuhi inachelewa kuwaka mpaka unachoka, usitoe hela ya kununua kitu chochote kabla hujampelekea huyu fundi wa Oli. Naandika kwa sababu watu wengi hapa mjini wanaambiwa tu mashine imezeeka, nunua nyingine, na wananunua kweli, na hakuna hata mmoja aliyeangalia ilikuwa inachelewa wapi. Huyu kaka anapima kwanza. Hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kumsifu, bei na malalamiko yangu nitasema huko chini.

Niko na ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa kopi. Mashine yenyewe ni HP ya mezani, i5 ya kizazi cha 4, RAM 8GB, diski ya kawaida ile ya kuzunguka ya 500GB, na ndani kuna Xubuntu, aina moja ya Linux, ndugu ya Ubuntu. Mashine nzuri, haijawahi kunisumbua kazini, shida ilikuwa ni kuwaka tu. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wanaovuka mpaka, wanafika saa moja asubuhi na fleshi mkononi wanataka invoisi zichapwe haraka wawahi gari, na umeme ukikatika kidogo tu mashine inazimika na inabidi kuanza upya, sasa dakika 4 mtu amesimama mbele yako anaangalia saa ni nyingi sana, wengine walikuwa wanaondoka wanaenda jirani.

Kabla ya Oli nilikuwa nimepita kwa mafundi wengine. Mmoja akasema toa hiyo Linux nikuwekee Windows, mwingine akasema ongeza RAM ifike 16GB. Hakuna aliyeiwasha mbele yangu na kuangalia. RAM ya 8GB kwa kuchapa barua na invoisi inatosha kabisa, na kuongeza RAM hakuwezi kupunguza muda wa kuwaka kama tatizo ni kwamba mashine imekaa inasubiri kitu, na hapa ndipo huyu wa Oli alipotofautiana na wenzake. Nilipomwambia nataka SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka, aliniambia, "Dada, usinunue kitu bado. Wacha kwanza tuone muda unaenda wapi."

Akaiwasha palepale ofisini kwangu, akaacha mpaka imetulia kabisa, akafungua terminali, lile dirisha la kuandika komandi, akaandika systemd-analyze, basi, neno moja hilo. Hiyo komandi iko tayari ndani ya Ubuntu zote na ndugu zake tangu toleo la 15.04 la mwaka 2015 walipohamia systemd, programu inayoanzisha vitu vyote mashine ikiwaka, Debian na Fedora pia wanayo, hauinstoli kitu. Inakutolea mstari mmoja unaogawa muda mafungu manne: firmware, ule muda wa ubao wa mashine yenyewe kujiangalia kabla hata Linux haijaguswa, alafu loader ambayo ni GRUB, programu inayoiita Linux ianze, alafu kernel, kiini chenyewe cha Linux, alafu userspace ambapo sasa sevisi zote, zile programu za nyuma ya pazia, zinaanza moja baada ya nyingine au kwa pamoja. Kama mashine yako ni ya zamani inayowaka kwa njia ya BIOS ya kale, hayo mafungu mawili ya kwanza hutayaona, usishangae. Yangu ilisoma hivi: firmware sekunde 9, loader sekunde 33, kernel sekunde 38, userspace dakika 2 na sekunde 41. Jumla dakika 4 na kitu.

Mimi nilipoona huo mstari nilielewa kitu ambacho sikuwahi kuambiwa, kwamba uchelewaji ule haukuwa mmoja. Kila fungu lilikuwa na sababu yake. Fundi aliweka kidole kwenye kernel akasema sekunde 38 hapa si kawaida, hata kwa diski hii nzee ilitakiwa iwe 7 au 8, na akaona ni kama sekunde 30 kamili zimeongezwa. Namba kamili kama 30, 60 au 90, alisema, karibu kila mara ni mashine kungoja mpaka muda uliowekwa uishe. Haifanyi kazi yoyote muda huo, inangoja tu.

Akaizima akaiwasha tena, safari hii alama ya Xubuntu ilipotokea akabonyeza Esc. Hicho kitu kila mtu akijue. Ile picha nzuri ikaondoka, maandishi yakatokea, na pale chini kukawa na nyota nyekundu tatu zinaenda kushoto zinarudi kulia, na maneno A start job is running for /dev/disk/by-uuid, alafu herufi na namba nyingi, na mwisho wa mstari saa inahesabu, 12s kati ya 1min 30s, 13s, 14s. Tukakaa hapo tunaangalia mpaka 90 ikaisha, ikaandika imeshindwa, na papo hapo mashine ikaendelea kama hakuna lililotokea. Miezi yote hiyo nyuma ya ile picha kulikuwa na saa inahesabu na mimi sikuiona.

Kumbe ni patisheni ya swapu, kile kipande cha diski kinachoisaidia RAM ikijaa. Zamani diski hii iligawanywa upya na fundi mmoja ili sehemu ya nyaraka iwe kubwa, na patisheni ya swapu ikafutwa, lakini jina lake, ile UUID, likabaki limeandikwa sehemu mbili. Moja ni kwenye faili ya /etc/fstab, orodha ya patisheni za kufunguliwa mashine ikiwaka, hapo systemd inasubiri sekunde 90 ndo ikate tamaa. Ya pili ni /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, ambapo mashine ikianza tu kabla ya kitu kingine inaitafuta swapu ile ione kama kuna kazi iliyolazwa humo ya kuendelea nayo, na hapo nako inangoja sekunde 30 ndo inaandika Gave up waiting for suspend/resume device. Yaani patisheni moja ambayo haipo inakula dakika 2 nzima kila siku, ni kama dereva wa teksi anayekataa kuondoa gari stejini kwa sababu ya abiria ambaye alishashuka zamani. Hii hutokea hata ukiinstoli Linux ya pili kwenye mashine hiyohiyo, maana mara nyingi inaiformati swapu upya na UUID inabadilika, ile Linux ya kwanza haina habari.

Alivyorekebisha: kwenye fstab aliweka alama ya # mbele ya ule mstari, hakuufuta, ili ukihitajika uonekane, akatengeneza faili ya swapu badala ya patisheni, kwenye ile faili ya resume akaandika RESUME=none, alafu sudo update-initramfs -u. Hiyo komandi ya mwisho usiisahau, bila hiyo mabadiliko ya resume hayaingii. Ila kwenye fstab muwe makini sana jamani. Mstari wa swapu ukikosea mashine itachelewa tu, lakini mstari wa patisheni nyingine, kwa mfano diski ya bakapu umeichomoa na hujaiwekea nofail, neno la kuiambia mashine iendelee hata diski isipokuwepo, mashine inaweza kugoma kabisa ikakupeleka kwenye skrini nyeusi ya emergency mode, na ukiwa na wateja mlangoni hapo ni balaa. Ndo maana alifanya kopi ya faili kwanza kabla ya kuigusa, nilimuona.

Sasa kuna ile komandi nyingine ambayo watu wengi wanaijua, systemd-analyze blame, inayopanga sevisi kuanzia iliyochukua muda mrefu. Juu kabisa kwangu ilikuwa NetworkManager-wait-online, sevisi ya kungoja mtandao, sekunde 47, na mtu angekimbilia kuilaumu hiyo. Yeye alinionyesha kwa nini haitoshi kuangalia hiyo orodha peke yake. Kwanza zile sekunde 90 za swapu hazimo kabisa kwenye orodha, kwa sababu inaandika vitu vilivyofanikiwa kuanza, na swapu haikuanza. Pili sevisi nyingi zinakimbia pamoja, kwa hiyo kubwa kwenye orodha si lazima iwe inakuchelewesha wewe. Kuna moja inaitwa plymouth-quit-wait ambayo inaonekana na muda mrefu na kazi yake ni kungoja tu wengine wamalize, ukihangaika nayo unapoteza muda wako. Komandi ya kuamini zaidi ni systemd-analyze critical-chain, inachora mnyororo wa nani alimngoja nani, baada ya @ unaona kitu kilianza saa ngapi na baada ya + kilichukua muda gani, na ukitaka picha kamili unaandika systemd-analyze plot > boot.svg, unaifungua kwenye brauza, mistari yote unaiona kwa macho.

Hiyo ya mtandao alinieleza hivi. Mashine imeunganishwa na rauta kwa kebo, na umeme ukirudi rauta nayo ndo inaanza kuamka, kwa hiyo mashine inaomba anwani na hakuna wa kuijibu, ile sevisi inangoja na haivuki sekunde 60. Lakini skrini ya paswadi ilikuwa haiisubiri, lightdm inayoileta skrini hiyo ilikuwa imeshaanza, zile 47 zilikuwa zinakuza hesabu tu kuliko kunichelewesha mimi. Akasema wazi hapa hutaona tofauti kubwa kwa macho dada, ila kwa sababu huna folda ya mtandaoni inayofunguka wakati wa kuwaka na printa yako ni ya USB, tunaweza kuizima. Nilipenda sana huo ukweli. Angeweza kuniambia nimekupunguzia karibu dakika nzima na ningemwamini na kumshukuru. Kama wewe uko na folda za seva zinazofunguka zenyewe mashine ikiwaka, usiizime hiyo sevisi, itakuletea shida nyingine.

Loader nayo, zile sekunde 33, sababu yake kila mwenye ofisi Uganda ataielewa. GRUB ya Ubuntu inaandika alama inaitwa recordfail kila ikianza, na alama inafutwa mashine ikimaliza kuwaka salama. Umeme ukikatika katikati ya kuwaka alama inabaki, na safari inayofuata GRUB inafikiri kuna tatizo, inakuonyesha menyu kwa sekunde 30 uchague. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika hivyohivyo. Mashine inayochukua dakika 4 kuwaka inapatwa na hilo mara nyingi kuliko inayochukua sekunde 20, ni wazi. Aliingia /etc/default/grub akaongeza GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=3, alafu sudo update-grub. Sikutaka aweke 0 kabisa, kwa sababu siku kerneli mpya ikileta shida utaihitaji hiyo menyu urudi kwenye ya zamani, na yeye mwenyewe alikuwa na wazo hilohilo.

Baada ya hayo yote, diski ileile ya zamani, hakuna senti ya vifaa iliyotoka, akaiwasha: sekunde 47 jumla. Kutoka dakika 4. Nilitaka kulia kwa kweli, nikiwafikiria wale wateja walioondoka.

Ndo sasa tukaongea habari ya SSD. Hakunisukuma. Alipima diski kwa smartctl, komandi ya kuangalia afya ya diski, akanionyesha Reallocated_Sector_Ct, sehemu mbovu zilizobadilishwa, ni 0 na Current_Pending_Sector, zinazoshukiwa kuwa mbovu, ni 0, akasema diski ni nzima, ukitaka ikae hivi inakaa. Zingekuwa na namba inayopanda angesema toa nyaraka zako leoleo. Ila akanieleza tofauti: diski ya kuzunguka ya mizunguko 7200 kwa dakika inatumia kama milisekunde 8 kwa mzunguko mmoja tu, na bado kuna muda wa kichwa kutembea kutafuta faili, na mashine ikiwaka inatafuta vifaili vidogo maelfu vilivyotawanyika, SSD haina cha kuzunguka, inafika kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndo maana hata baada ya paswadi Firefox ilikuwa inajikokota. Nikaamua kununua, 256GB, shilingi 120,000, nikainunua mwenyewe dukani, yeye hakutaka kuniuzia kwa sababu alisema zile alizonazo hana uhakika nazo. Hilo nalo nililiweka moyoni.

Kuna watu watasema si mngeinstoli upya tu na yote yangeisha. Ni kweli yangeisha, lakini mimi niko na fonti, foma za wateja, printa mbili zilizosetiwa kwa taabu, kazi ya kuvirudisha vyote ni siku nzima. Alihamisha kila kitu kwa rsync, komandi ya kukopi mafaili, nyaraka hazikufika hata 100GB kwa hiyo zilienea. Na hapa ndipo nilipoona umakini wake: baada ya kuhamisha aliandika blkid, akachukua UUID mpya za SSD, akaziweka kwenye fstab, alafu akazisoma herufi moja moja kwa sauti, mimi nikiangalia skrini na kuitikia, kabla ya kurudisha GRUB na kuwasha. Ni kosa la hapohapo lililonisumbua mwanzo, na aliamua lisirudi kwa mkono wake.

Kwenye BIOS alizima ile ya kutafuta mfumo kupitia mtandao, firmware ikashuka kutoka 9 mpaka 6, na hapo ndo mwisho, hizo 6 ni za ubao wenyewe na hakuna komandi ya Linux inayozigusa. Akabadilisha pia bateri ndogo ya CR2032 kwa sababu saa ilikuwa inarudi nyuma miaka kila umeme ukitoka, na saa ikiwa si sahihi tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Mstari wa mwisho wa systemd-analyze: firmware 6, loader 2, kernel 4, userspace 8. Sekunde 20. Na Firefox inafunguka kabla sijavuta kiti.

Malalamiko yangu yapo na nayasema kwa nia njema kwa sababu nataka adumu. Hatoi risiti. Kwa mtu wa ofisi hiyo ni shida, nahitaji karatasi ya hesabu zangu, nilimwambia na akasema ataanza. Hapigi simu kukuambia kazi imefika wapi, na alilala na mashine yangu siku moja zaidi ya alivyoahidi bila kunijulisha, nikaenda asubuhi nikakuta bado inahamisha mafaili. Na aliniomba paswadi niandike kwenye kikaratasi, hicho sikikubali kabisa, humo kuna vitambulisho na mikataba ya watu. Nilikaa nikaiandika mwenyewe kila ilipohitajika, na ninyi fanyeni hivyo au mumwachie akaunti ya muda ambayo mtaibadilisha paswadi baadaye. Pia ningependa asisitize zaidi habari ya UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, kwa wateja wake, mimi ndo nilimuuliza, akasema ndiyo ni lazima, basi mwambie kila mtu kaka.

Bei: kupima na kurekebisha yale yote ya kwanza shilingi 30,000, kuhamisha kwenda SSD 25,000, bateri 5,000. Kupima peke yake bila kurekebisha anachukua 10,000 na ukiendelea naye anaikata humo. Nililipa kwa Mobile Money. Kwa kazi iliyoniokolea mashine nzima naona ni haki kabisa, na sikuombwa nyongeza ya kitu.

Banda lake liko Oli, si duka kubwa, meza mbili na viti vya plastiki, uliza tu fundi wa kompyuta za Linux watakuonyesha. Nenda na bakapu ya nyaraka zako kwenye fleshi au diski ya nje hata kama unamwamini, na kama unaweza nenda na ile matokeo ya systemd-analyze umeipiga picha kwa simu, ukiipiga mashine ikiwa imewaka yenyewe kawaida asubuhi na rauta yako, kwa sababu pale kwake hakuna rauta yako na baadhi ya ucheleweshaji hautaonekana. Anaongea Kiswahili, Kilugbara na Kinubi. Ijumaa mchana anafunga kwa ajili ya swala na mara nyingi harudi, kwa hiyo peleka asubuhi au subiri Jumamosi.